Je, Wajua? Wizi, Chenji na Toroli Lisilotakiwa

Safari hii tunaingia dukani. Tutaona nani alileta mbinu gani ya kuuza, shida ipi ilimsukuma, na nani alimtilia kitumbua chake mchanga. Angalizo la mapema: baadhi ya wabunifu hawa hawakufa matajiri, na wengi wa waliowakwamisha hawakuwa wajinga.

Je, wajua mashine ya keshia ilizaliwa kwa sababu ya wizi? James Ritty alikuwa na baa mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Wateja walijaa lakini faida haikuonekana, kwa kuwa wahudumu walikuwa wakizielekeza hela mifukoni mwao. Akiwa melini kuelekea Ulaya, akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya propela. Akajiuliza kwa nini mauzo yasihesabiwe vivyo hivyo. Mwaka 1879 yeye na ndugu yake wakapata hataza ya mashine waliyoipa jina la keshia asiyehongeka. Waliochukia hawakuwa wateja bali wahudumu, maana kila kengele ya mashine ilipolia ilikuwa kama kuwaambia kwamba hawaaminiki.

Tanzania ilipoleta mashine za EFD, yaani za risiti za kielektroniki kwa ajili ya kodi, mwaka 2010, mambo yaligeuka kidogo. Mwenye duka sasa ndiye aliyeitazama mashine kwa jicho la mhudumu wa Ritty, kwa sababu safari hii anayehesabiwa ni yeye. Migomo ya wafanyabiashara iliyofuata haikuwa ya kushangaza hata kidogo.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1916 karibu kila duka la vyakula liliuza kama lile duka la mtaani la Mangi lenye nondo? Unasimama nje ya kaunta, unataja unachotaka, muuzaji anakwenda kukuletea. Clarence Saunders wa Memphis, Tennessee, akaivunja kaunta. Katika duka lake, Piggly Wiggly, mteja alipita kwenye geti la kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia moja iliyompitisha mbele ya kila rafu, kisha akatokea kwa keshia. Kila bidhaa ilikuwa na bei yake imebandikwa. Mwaka 1917 Saunders akapewa hataza ya mpangilio huo.

Hapa panahitaji kutulia kidogo, maana Saunders ana mengi. Kilichomsukuma ni gharama: wahudumu walilipwa kwa kutembea kati ya rafu na kaunta, na mteja ndiye aliyegharimia matembezi hayo. Alipomwondoa muuzaji aliyekuwa akisema "chukua hii, ile si nzuri", pakiti yenyewe ikalazimika kusema. Rangi za maboksi, majina makubwa na picha za mama anayecheka vilistawi kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kukushawishi.

Lakini mwaka 1923 Saunders akapigana na walanguzi wa hisa mjini New York. Alinunua kwa mikopo karibu hisa zote za kampuni yake ili awabane, soko la hisa likabadili masharti katikati ya mchezo, naye akapoteza kampuni. Hata jumba la mawe ya rangi ya waridi alilokuwa akijijengea Memphis hakuwahi kuliishi. Likageuzwa makumbusho.

Na wajua hakukoma? Mwaka 1937 alifungua Keedoozle, duka lililojiendesha. Mteja alitembea na ufunguo maalumu, akauchomeka kwenye dirisha la bidhaa aliyoitaka, na mitambo nyuma ya ukuta ikaikusanya na kuisafirisha hadi kaunta. Ilikuwa ni mashine ya wakati usio wake. Watu wakijaa, mitambo inakwama. Kufikia 1949 ilikuwa imefungwa kabisa, na mwaka 1953 Saunders akafariki akiwa na duka jingine la aina hiyo kichwani, halijafunguliwa.

Je, wajua mwaka huohuo wa 1916, Saunders alipoivunja kaunta, alifariki mwasisi wa mtandao mkubwa wa maduka Afrika Mashariki? Allidina Visram alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akaja pwani yetu akiwa kijana mdogo na kufanya kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo. Alifungua maduka kwa kufuata njia za misafara, na reli ya Uganda ilipojengwa akaifuata hadi bara. Kilichombeba ni reli pamoja na mali kauli: mali inatoka leo, malipo yanakuja ikishauzwa. Shule yenye jina lake ipo Mombasa mpaka leo, na mali kauli nayo ipo Kariakoo mpaka leo.

Wajua kiwanda cha magari kilijifunza kutoka kwa muuza sabuni? Taiichi Ohno wa Toyota alizuru Marekani mwaka 1956. Kilichomvutia zaidi ni supamaketi: mteja anachukua anachohitaji, na rafu inajazwa kwa kadiri ya kilichoondoka. Wazo hilo alilitumia kuimarisha utaratibu wa kiwandani ambapo kila hatua huvuta vipuri inavyohitaji tu. Ni mara chache dukani hutoka somo la kwenda kiwandani. Kwa kawaida huwa kinyume chake.

Je, wajua toroli la supamaketi lilisusiwa? Sylvan Goldman alikuwa na supamaketi Oklahoma City. Aliona wateja wanaacha kununua pale kikapu kinapokuwa kizito mkononi, hata kama hela bado wanazo. Mwaka 1937, akianzia kwenye umbo la kiti cha kukunja, akatengeneza kifaa chenye magurudumu na vikapu viwili. Hakuna aliyekigusa. Wanaume walihofia kuonekana dhaifu, na akina mama walisema wameshasukuma vigari vya watoto vya kutosha. Goldman akaajiri watu wa rika mbalimbali wazunguke dukani wakisukuma matoroli na kujifanya wananunua. Wateja walipoona wenzao wanasukuma, nao wakasukuma. Huo ni ujanja wa mpiga debe anayewapakia wenzake kwenye daladala tupu ili ionekane inajaa.

Wajua pia Uingereza haikuwa tofauti? Sainsbury's ilipofungua duka lake la kujihudumia Croydon mwaka 1950, mteja mmoja mwenye hasira alimrushia kikapu cha waya Alan Sainsbury mwenyewe.

Na wajua barua isiyojibiwa inaweza kugharimu soko zima? Michael Cullen, mfanyakazi wa kampuni ya maduka ya Kroger, aliwaandikia wakubwa wake kupendekeza duka kubwa mno, la bei ya chini, nje ya mitaa ya kodi ghali, lenye eneo la kuegesha magari. Hakujibiwa. Akaacha kazi, na mwaka 1930 akafungua King Kullen huko Queens, New York, katikati ya mdororo wa uchumi, wakati watu walikuwa tayari kusafiri mbali ili kuokoa senti kadhaa.

Je, wajua ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti, yaani msimbopau, ilichorwa kwanza mchangani? Mwaka 1948 bosi mmoja wa maduka ya vyakula alikwenda chuoni Drexel, Philadelphia, akaomba watafute njia ya kusoma bidhaa kwa mashine pale kwa keshia. Mkuu wa kitivo akakataa. Mwanafunzi Bernard Silver alisikia mazungumzo, akamweleza mwenzake Norman Joseph Woodland. Woodland, aliyekuwa amejifunza alama za Morse alipokuwa skauti, alikaa ufukweni Miami, akachomeka vidole mchangani na kuvivuta. Nukta na vistari vikawa mistari myembamba na minene. Hataza ilitoka mwaka 1952, na baadaye wakaiuza kwa dola 15,000.

Kisha ikalala. Hapakuwa na leza ya bei nafuu wala kompyuta ya kuwekwa dukani. Silver alifariki mwaka 1963 bila kuona bidhaa yake ikisomwa. Hata vifaa vilipopatikana, kilibaki kisiki kilekile kinachokwamisha kila mfumo wa pamoja: wenye viwanda hawakutaka kuchapa mistari mpaka maduka yanunue mashine, na wenye maduka hawakutaka kununua mashine mpaka viwanda vichape mistari. Ilibidi washindani wakae meza moja. Mwaka 1973 wakachagua mchoro mmoja, uliobuniwa na George Laurer wa IBM, na tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya jojo za Wrigley's ikapita kwenye mashine kwa senti 67.

Wajua nani alipinga? Vyama vya wafanyakazi vilihofia ajira, na vyama vya walaji vilihofia kwamba stika ya bei ikiondolewa kwenye kopo, mnunuzi atapigwa. Jimbo la Michigan lilishikilia sheria ya kubandika bei kwenye kila bidhaa hadi mwaka 2011. Kwa upande wangu hofu ya walaji ilikuwa na msingi: nani kati yetu hajawahi kuona bei ya rafu na bei ya risiti zikikataa kuelewana?

Je, wajua sheria iliyotungwa kuwalinda wenye maduka madogo ya Japani ndiyo iliyoleta duka dogo la kisasa kupita yote? Mwaka 1973 Japani ilipitisha sheria iliyobana ufunguzi wa maduka makubwa. Ukitaka kujenga supamaketi, sharti upite kwenye mashauriano marefu na wafanyabiashara wa eneo hilo. Kampuni ya Ito-Yokado, iliyokuwa ikipanua supamaketi zake, ikajikuta imezibwa. Ofisa wake, Toshifumi Suzuki, akaleta kutoka Marekani leseni ya 7-Eleven, na mwaka 1974 duka la kwanza likafunguliwa Toyosu, Tokyo, ndani ya kilichokuwa duka dogo la pombe. Mwenye duka mdogo hakufukuzwa, alipewa jina, mtaji wa ujuzi na gari la kumletea mzigo kidogokidogo mara kadhaa kwa siku. Kuanzia mwaka 1982 maduka hayo yalitumia mashine za mauzo kujua nini kinanunuliwa saa ngapi, ili rafu ndogo isibebe kitu kisichotoka. Na kampuni mama ya Marekani? Ilifilisika, na mwaka 1991 Wajapani wakaichukua.

Sheria nyingine hazikuzaa kitu. Wajua Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1956, ilifunga maduka saa 12:30 jioni siku za kazi, na kwa siku nyingi za wiki hali ikaendelea hivyo hadi 1996? Mfanyakazi alipata jioni yake, ni kweli, ila ukitoka kazini umechelewa, unalala bila mkate.

Na nyumbani? Wajua mwaka 1976 Tanzania iliendesha Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na maduka ya ushirika yashike nafasi yao? Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Kilichotokea ni kwamba maduka yalifungwa kwa kasi kubwa kuliko yalivyofunguliwa yale ya kuchukua nafasi, na bidhaa zikaadimika. Serikali ikalegeza kamba. Lakini foleni za sabuni na unga za miaka iliyofuata wazee wetu bado wanazisimulia. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa tena.

Je, wajua IKEA ilisukumwa na maadui zake? Wauza samani wa Sweden miaka ya 1950 hawakupenda bei za Ingvar Kamprad, wakawashinikiza watengenezaji wasimuuzie. Ikabidi abuni samani zake mwenyewe, na mwaka 1961 akapeleka oda Poland. Hapo ndipo bei ikashuka zaidi. Washindani walimnoa kisu wao wenyewe.

Wajua mteja naye huweza kukataa bei ya kweli? Ron Johnson, aliyetamba kwa maduka ya Apple, alipewa uongozi wa JC Penney mwaka 2011. Akafuta kuponi na mapunguzo ya uongo, akaweka bei ya chini ya kila siku. Mauzo ya mwaka 2012 yalianguka kwa takriban robo, naye akaondolewa Aprili 2013. Muuza mitumba yeyote wa soko la Karume angemweleza bure: ukitaja bei ya mwisho mwanzoni, mteja anahisi ameibiwa raha ya kuishusha.

Je, wajua bibi wa miaka 72 alinunua vitu kwa mtandao mwaka 1984? Jane Snowball, wa Gateshead, Uingereza, alitumia rimoti na televisheni yake kuagiza Tesco majarini, mayai na konifleksi. Mfumo ulibuniwa na Michael Aldrich, na ulilenga wazee wasioweza kutoka nyumbani. Amazon ilizaliwa miaka 10 baadaye. Cha kuchekesha, mwaka 1993, yaani mwaka mmoja kabla ya Amazon, kampuni ya Sears iliacha kuchapa katalogi yake kuu, baada ya karibu karne nzima ya kuwauzia watu wa mbali kwa posta. Ghala ilikuwa nayo, majina ya wateja ilikuwa nayo, ujuzi wa kutuma mizigo ilikuwa nao. Mwaka 2018 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Wajua katalogi hiyo isingefika popote bila posta ya serikali? Marekani ilianza kupeleka barua hadi majumbani mwa watu wa vijijini mwaka 1896, na vifurushi mwaka 1913, huku wenye maduka ya miji midogo wakipinga. Huku kwetu, Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022. Kabla ya hapo, na kwingi hadi leo, anwani ya mzigo ni "ukifika kwenye mwembe nipigie". Kampuni ya kuuza mtandaoni ya Jumia ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019, miezi michache tu baada ya hisa zake kuanza kuuzwa New York. Sababu za kufunga huenda zilikuwa nyingi, ila boda anayezunguka mtaa mzima akitafuta mwembe ni gharama halisi.

Je, wajua kilichoiinua biashara ya mtandaoni China ni kutoaminiana? Muuzaji hakutuma mzigo kabla ya fedha, mnunuzi hakutuma fedha kabla ya mzigo. Mwaka 2004 huduma ya malipo ya Alipay ikaanza kushika fedha katikati mpaka mnunuzi akiri amepokea. Wauzaji wengi wa Instagramu wa Dar es Salaam na Nairobi wanauliza swali lilelile leo: tulipe kwanza au ulete kwanza?

Je, wajua M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya duka? Majaribio ya Safaricom ya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha. Kampuni ikasoma alama hizo, na Machi 2007 ikaizindua kwa umma kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mawakala wake wakawa nani? Wenye maduka. Duka dogo likapata kamisheni na wateja wapya, na mtandao ukapata matawi bila kujenga hata moja. Benki Kuu ya Kenya iliiacha iendelee huku ikiiangalia. Sheria ya mifumo ya malipo ya taifa ilikuja mwaka 2011. Wangesubiri sheria ndipo waanze, tungekuwa bado tunatuma bahasha kwa dereva wa basi.

Huduma ya kulipia bidhaa kwa M-Pesa ilikuja Kenya mwaka 2013. Na huduma za aina hiyo zilipoenea kwetu, shida ya chenji, ile noti ya elfu kumi inayomfanya Mangi akimbie duka la jirani kutafuta sarafu, ikaanza kupoteza makali yake. Ila kikwazo kikahamia kwingine: makato. Ndiyo maana muuzaji, hata akiwa na lipa namba ukutani, anakwambia umtumie kwenye namba yake "na uweke na ya kutolea".

Wajua serikali zinaweza kuirudisha noti mezani kwa siku moja? Uganda ilitoza asilimia 1 kwenye miamala ya simu Julai 2018. Kelele zikapigwa, ikashushwa hadi nusu asilimia, na kubaki kwenye kutoa fedha tu. Tanzania ilileta tozo za miamala Julai 2021, na Septemba ikazipunguza kwa asilimia 30. Waandaaji wa bajeti waliona mito ya fedha inapita simuni wakatega ndoo. Mto ukapinda kurudi kwenye noti.

Je, wajua Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki na bado ikafa? Ilianzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ikafungua maduka ya saa 24, ikatoa kadi za pointi kwa wateja. Haikukosa ubunifu. Kilichoisha ni imani ya waliokuwa wakiiletea mali, waliosubiri malipo mpaka wakachoka. Rafu zilipobaki tupu, kadi za pointi hazikuwa na la kununua. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe.

Wajua ubunifu mkubwa mwingine hauna hata waya? Mafuta ya kupima, sigara moja moja, majani ya chai ya pakiti ndogo. Nchini Kenya mashine za maziwa, wanazoziita ATM, hukupimia kwa fedha uliyo nayo. Kipato kinachokuja kwa siku hununua kwa siku. Anayeuza kopo la kilo tu amewafungia mlango wengi.

Je, wajua hata Amazon hukwama? Mwaka 2018 ilifungua Seattle duka lisilo na keshia, ambapo kamera na vihisi vilijua umechukua nini. Mwaka 2024 iliamua kuuondoa mfumo huo kwenye supamaketi zake za Amazon Fresh Marekani na kuweka matoroli yenye skrini, yanayoonyesha bei unapoweka bidhaa. Wateja walitaka kuona risiti yao inavyokua. Goldman angefurahi.

La mwisho, na hili litakufaa leo jioni. Geuza pakiti yoyote uliyo nayo, usome tarakimu tatu za mwanzo chini ya mistari. 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya. Lakini akikwambia mtu kwamba namba hizo zinaonyesha bidhaa ilikotengenezwa, mkatalie. Zinaonyesha tu namba ilisajiliwa wapi. Ukitaka kujua ilikotengenezwa, soma maandishi madogo ya pembeni.